Kisiwa Kilichokuwa Kilima

Mombasa haijapata kuanguka theluji, wala hakuna mvuvi wa hapa aliyewahi kuikuta bahari imeganda. Lakini ukitaka kujua kwa nini Mombasa ni kisiwa, kwa nini Kilindini ina kina cha kupokea meli kubwa, na kwa nini nyumba nyingi za Kisauni zimejengwa kwa mawe meupe yenye vitobo, itakubidi uanze na barafu. Si barafu ya hapa. Ni ile iliyofunika Kanada na Skandinavia kwa unene wa kilomita nzima na zaidi. Maji yake yalitoka baharini, na bahari ni moja. Barafu ilipojirundika huko kaskazini, maji yalipungua Likoni, ilipoyeyuka, yakarudi. Mambo hayo yamejirudia mara nyingi katika miaka milioni mbili na ushei iliyopita, na kila mara pwani yetu iliachiwa alama.

Alama hizo ndizo nilizozifuata nilipofunga safari ya kuzunguka Mombasa ya upande wa bara: Likoni hadi Mtongwe, kisha Changamwe kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, na mwisho Kisauni. Mwenzangu alikuwa rafiki mmoja aliyewahi kufanya kibarua cha kuchimba na kuchekecha udongo kwenye maeneo ya kale. Kazi hiyo ilimwachia tabia moja: akitembea hatazami majengo, hutazama mitaro.

Feri juu ya bonde

Asubuhi umati wa Likoni huvuka kwenda kisiwani kutafuta riziki. Sisi tulikuwa twaenda kinyume, kwa hivyo feri ilikuwa na nafasi. Hamali alikuwa ameegemea mkokoteni wake mtupu, tuktuk zilijipanga nyuma ya lori la saruji, na kijana wa korosho alipita akiuza vifuko vyake haraka haraka, maana anajua safari ni ya dakika chache.

Chini ya chombo kile kuna bonde. Miaka 20,000 hivi iliyopita, baridi ya enzi ya mwisho ya barafu ilipofikia kilele, bahari duniani kote ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita 120 au zaidi. Mlango wa Likoni haukuwa na maji ya chumvi hata tone. Mito ya Mwache na Cha Shimba, ambayo leo inaishia hori ya Port Reitz katikati ya mikoko, ilisonga mbele ikapita hapa, ikizidi kuchimba njia yake kadiri bahari ilivyoteremka. Upande wa pili wa kisiwa, mto Kombeni na vijito vyake ulifanya vivyo hivyo palipo na hori ya Tudor. Kati ya mabonde hayo mawili kilibaki kilima. Kilima hicho ndicho Mvita, kisiwa cha Mombasa.

Barafu ilipoanza kuyeyuka, maji yaliingia mabondeni. Hayakuja yote kwa mpigo, wala hayakuja kwa mwendo mmoja. Kuna kipindi, miaka 14,500 hivi iliyopita, ambapo bahari za dunia zilipanda zaidi ya mita 10 kwa muda wa karne chache tu. Kufikia miaka 6,000 iliyopita hivi, bahari ilikuwa imekaribia kiwango tunachokijua. Kilima kikazungukwa na maji, mabonde yakawa bandari. Kina ambacho Wareno, Waomani na Waingereza walikipigania kilichimbwa na mito katika majira ambayo bahari ilikuwa chini.

Mtu asidhani kwamba bahari iliposhuka ilikimbilia mbali. Kwingine ilikuwa hivyo: Unguja ilishikana na bara, na ndani ya pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa kisiwa hicho, wachimbaji wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wasiokuwa na njia ya kufika huko leo. Hapa Mombasa sakafu ya bahari huteremka ghafla kilomita chache tu kutoka ufukweni. Hata baridi ilipokuwa kali kabisa huko kaskazini, mtu wa Likoni hakukosa bahari. Alilazimika kuiteremkia gengeni tu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyeshika baiskeli yake karibu nasi, alikuwa akitusikiliza muda wote.

"Mwasema hapa palikuwa pakavu?"

"Ndiyo, ami. Mtu angevuka kwa miguu."

"Zamani za nani hizo?"

"Kabla ya Wareno, kabla ya malkia Mwana Mkisi, kabla ya kila jina tunalolijua."

Akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Basi hao walisalimika. Hawakuijua foleni ya Likoni."

Ukuta wa Shelly Beach

Tuliteremka ufuoni Shelly Beach wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mbali. Majabali ya hapo watu huyaona kama kivuli cha kupunga upepo, au mahali pa kufungia ngarawa. Ukiyakaribia hadi pua iguse, utaona kwamba hayakuwa mawe tangu mwanzo. Nilihesabu kwa kidole vijumba vya wadudu wa tumbawe, kimoja kando ya kingine, vyenye kuta nyembamba kuliko ukucha. Juu yake kulikuwa na tumbawe la mviringo lenye mistari iliyojipindapinda, kubwa kama ungo, likiwa limekaa wima vilevile lilivyoota. Pembeni, kombe lenye mikunjo mizito lilikuwa limebanwa mwambani midomo yake ikiwa juu, kama lilivyokuwa likila baharini. Hapa hakuna kilichosombwa na mawimbi kikatupwa. Huu ni mwamba ulioota papo hapo, chini ya maji, nasi tulikuwa tumesimama nje ya maji tukiutazama.

Maana yake ni kwamba bahari iliwahi kuwa juu kuliko leo. Wataalamu wanaunganisha sehemu kubwa ya matumbawe ya namna hii, hapa na kwenye pwani nyingine za joto duniani, na kipindi cha miaka 125,000 hivi iliyopita. Dunia ilikuwa katika nafasi ya joto kati ya enzi mbili za barafu, na bahari ilipanda mita 6 hadi 9 juu ya kiwango cha sasa. Matumbawe hufuata mwanga, na hayawezi kujenga penye maji ya kina kirefu wala penye ukavu. Bahari ilipopanda yakajenga. Iliposhuka yakafa, mvua ikayalamba, yakagandana kuwa jabali.

P. V. Caswell, mtaalamu wa jiolojia aliyechora ramani ya ardhi ya Mombasa na Kwale, alichapisha ripoti yake mwaka 1953, na mpangilio alioueleza bado ndio unaofundishwa. Ukitoka baharini kwenda bara unaanza na jabali la matumbawe. Nyuma yake unafuata mchanga ulioitwa wa Kilindini, uliotua katika maji yaliyotulia nyuma ya mwamba na mitoni. Mbele zaidi unaukuta mwamba laini wa kijivu wa Changamwe, na vilimani kuna mchanga mwekundu wa Magarini. Mtu akipanda matatu kutoka ufuoni hadi Miritini, anarudi nyuma miaka milioni 150 kwa nauli moja.

Mawe ya Mtongwe

Jina la Mtongwe Wakenya wengi hulikumbuka kwa msiba wa feri wa tarehe 29 Aprili 1994, uliochukua roho za watu 272. Wachache hulijua kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani walioongozwa na Gentaro Omi wa Chuo Kikuu cha Shinshu walichimba kwenye kingo za Mtongwe zinazotazama bandari. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Ndani ya tabaka za mchanga na udongo walikuta zana za mawe za Zama za Kati za Mawe na za Zama za Mwisho. Kwa lugha nyepesi, binadamu walikaa Likoni makumi ya maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kupanda mnazi au kuchonga mtumbwi mkubwa.

Tulipita kwenye vichochoro vya nyumba za mabati na za mawe, tukaamkiana na kina mama waliokuwa wakikaanga viazi karai, tukatokea kwenye ukingo uliokatwa na mvua. Chini yetu bandari ilikuwa wazi: winchi za Kipevu, meli ya makasha, na vyombo vya jeshi la majini. Ukingo wenyewe ulikuwa na mistari: mchanga wa manjano, kisha mkanda mwembamba wa changarawe, kisha mchanga mwekundu uliopenyezwa na mizizi ya mkanju.

Rafiki yangu alichutama mahali mvua ilipokwangua.

"Njoo ulione hili, ndugu yangu. Usilishike kwanza."

Lilikuwa jiwe la kijivu, refu kiasi cha kidole gumba, upande mmoja bapa na upande mwingine una mgongo. Mtu asiyezoea angelipiga teke. Yeye alinionyesha mambo matatu. Kwenye kichwa chake palikuwa na kibapa kidogo, ndipo nyundo ya jiwe ilipogonga. Chini ya kibapa hicho, upande wa ndani, palivimba kidogo kama nundu, kwa sababu nguvu ya pigo huingia jiweni ikitawanyika. Na mgongoni palikuwa na makovu ya vipande vingine vilivyotolewa kabla yake, vyote kuelekea upande mmoja. Jiwe lililovunjwa na maji au na gurudumu la lori huwa halina utaratibu huo. Hili lilikuwa limevunjwa na mtu aliyejua anachokitaka.

Tulilipiga picha, tukaliacha hapo hapo. Zana iliyokwisha kung'olewa katika tabaka yake imepoteza nusu ya habari zake. Jiwe halina tarehe; tarehe imo ndani ya mchanga ulioligubika.

Na mchanga una njia yake ya kuhesabu. Punje ikifukiwa huanza kulimbikiza nguvu ya mionzi hafifu inayotoka ardhini. Ikipigwa na jua, nguvu hiyo yote hutoka, na hesabu huanza upya. Kwa hivyo mtaalamu hupigilia bomba lisilopitisha mwanga ndani ya ukuta wa shimo, akalifunga, akalipeleka maabara ambako taa ni nyekundu hafifu. Punje zikiamshwa kwa mwanga maalumu hutoa mng'aro, na ukali wa mng'aro huo huonyesha zimekaa gizani miaka mingapi. Kipimo cha kaboni, ambacho wengi wamekisikia, huishia miaka 50,000 hivi. Mchanga huenda mbali zaidi.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika pamoja na nyingine katika pango la Panga ya Saidi, kaskazini mwetu katika kaunti ya Kilifi, ambako Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wake walianza kuchimba mwaka 2010. Pango hilo lina tabaka 19 zinazofikia miaka 78,000. Watu wake waliishi kwenye mchanganyiko wa msitu na nyika. Kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita walianza kutumia zana ndogo zaidi, na walivaa shanga za kombe na za maganda ya mayai ya mbuni. Chini ya sakafu, kiasi cha mita 3, alikutwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu laini kilichooza. Mifupa ilikuwa laini mno hata ikabidi bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta na kusafirishwa. Habari zake zilitangazwa Mei 2021 katika jarida la Nature: miaka 78,000, maziko ya kale kuliko yote ya binadamu wa kisasa yanayojulikana barani Afrika. Wachimbaji walimwita Mtoto.

Wenzao wa nchi za baridi

Tukiwa bado kivulini mwa mkanju, tulizungumza juu ya watu walioishi karibu na barafu yenyewe. Huko kaskazini upepo mkali ulikuwa ukipeperusha vumbi laini lililosagwa na barafu, ukalimwaga kwenye nyanda za Ulaya na Asia kwa unene wa mita nyingi. Vumbi hilo ndilo lililofukia kambi za wawindaji. Kostenki, kando ya mto Don nchini Urusi, tabaka za makazi zimepakana na jivu la volkano lililoruka kutoka Italia miaka 40,000 hivi iliyopita. Mezhyrich, nchini Ukraine, watu walijenga vibanda kwa mifupa na pembe za mamothi, yule ndovu mwenye manyoya, kwa kuwa miti ilikuwa adimu.

Jambo la Mezhyrich lililonivutia zaidi ni namna palivyojulikana. Mwaka 1965 mkulima mmoja alikuwa akichimba ghala la chini ya nyumba yake, sepeto ikagonga taya la mamothi. Alisimamisha kazi, wataalamu wakaitwa. Bila yeye kusita, pale pangekuwa na ghala la viazi tu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na watu wa baridi. Kwenye milima ya Bale nchini Ethiopia kuna pango la Fincha Habera, mita 3,469 juu ya usawa wa bahari. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita wawindaji walikuwa wakipanda kukaa huko, barafu ikiwa juu yao kidogo tu, wakila fuko wakubwa wa milimani na kuchonga visu kwa mawe ya kioo cha volkano waliyoyafuata juu zaidi. Kumbe wakati mmoja, katika eneo letu hili, kulikuwa na Mwafrika anayeota moto kando ya barafu na mwingine anayetembea ufuoni akiokota kombe.

Baridi ya enzi hiyo iliufikia ukanda wetu kwa njia nyingine pia. Hali ya hewa ilipoa na kukauka sehemu nyingi. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka miaka 17,000 hadi 15,000 hivi iliyopita. Mlima Kenya ulivaa barafu iliyoteremka mabondeni mbali kuliko leo, ikasukuma lundo la mawe na udongo na kuliacha kwenye bonde la Teleki na mengineyo. W. C. Mahaney wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, alitumia miaka mingi akichimba mashimo katika malundo hayo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1990. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: lundo likiwa la kale, udongo juu yake huwa mnene, wenye rangi iliyokolea na mfinyanzi mwingi, likiwa la juzi, huwa kokoto tupu. Udongo wenyewe ndio cheti cha kuzaliwa.

Dongo Kundu hadi Changamwe

Barabara ya Dongo Kundu imerahisisha safari ambayo zamani ilikulazimisha kupita kisiwani. Inatoka upande wa Likoni, inavuka hori kwa daraja la Mteza lenye urefu wa kilomita moja na nusu kasoro, kisha daraja la Mwache, hadi Miritini. Kwa msafiri wa kawaida ni njia ya kukwepa feri. Kwetu ilikuwa kama kupewa ufunguo wa sanduku, maana tingatinga zilikata vilima zikaacha kuta mbichi kila upande. Dereva wa matatu alikubali kupunguza mwendo, akituangalia kwa kioo na kushangaa tunachopiga picha.

Juu ya madaraja unaona lile bonde la kale likijazwa upya. Mto ukikutana na maji ya chumvi hupoteza nguvu na kuutua udongo wake, na mikoko huunasa kwa mizizi. Tope hilo limekuwa likipandana tangu bahari iliporudi. Ndani yake mna chavua za miti ya karne nyingi, mkaa wa moto wa mashamba, na bila shaka taka zetu za sasa. Anayetaka kusoma historia ya misitu ya Mombasa ataisoma topeni.

Changamwe ina mwamba wa zamani mno kuliko barafu yoyote tunayoizungumzia. Ni wa enzi ya mijusi wakubwa, na ndani yake kuna makombe ya mviringo ya wanyama wa baharini waliokwisha kutoweka. Mjerumani J. M. Hildebrandt aliyaokota sehemu za Mombasa katika miaka ya 1870, na mtaalamu Beyrich akaandika juu yake huko Berlin. Nayataja kwa sababu ulaini wa mwamba huu ndio uliofanya kazi ya mito iwe rahisi. Penye jabali gumu la matumbawe, mto ulikata njia nyembamba, ndiyo mlango wa Likoni. Nyuma yake, penye mwamba laini, ulitanua bonde pana, ndilo Port Reitz. Bandari yenye mlango mwembamba na uwanja mpana ndani ni tamaa ya kila nahodha, na Mombasa ilizaliwa nayo.

Kisauni na udongo mpya

Kutoka Changamwe tulivuka Makupa, tukapita Buxton na daraja la Nyali, tukaingia Kisauni jua likiwa limekwisha kupoa. Hapa ukitazama nyumba inayojengwa utaona jabali lilelile la Shelly Beach, sasa limekatwa kwa mashine kuwa matofali. Niliweka kidole kwenye ukuta wa duka Bamburi nikakuta tawi la tumbawe, limekatwa katikati. Watu wanalala, wanasoma na wanafanya biashara ndani ya bahari ya miaka 125,000 iliyopita.

Machimbo makubwa yalianza pamoja na kiwanda cha saruji cha Bamburi katika miaka ya 1950. Matumbawe yalichimbwa hadi karibu na maji ya chini, ikabaki sakafu nyeupe inayochoma macho, isiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller wa kiwanda hicho alianza kupanda miti humo. Mivinje ndiyo iliyokubali kuota kwenye chumvi na ukavu ule, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Akaleta jongoo wekundu wa huku pwani. Jongoo waliyatafuna majani, wakayarudisha kama mbolea, na taratibu pakapatikana udongo wa kuotesha miti mingine. Leo panaitwa Haller Park, na watoto huja kuona twiga na viboko.

Nilichutama chini ya mvinje mmoja nikaupekua udongo ule kwa kijiti: vidole viwili vya weusi, kisha papo hapo mwamba mweupe. Huo ndio udongo wa nusu karne, tena uliosaidiwa na mtu. Nikaulinganisha na ukingo wa Mtongwe, mita na mita za mchanga uliotua wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Msitu unaweza kupandwa tena juu ya shimo. Tabaka za Mtongwe zikishazolewa haziwezi kupandwa.

Na zinazolewa. Mombasa ya bara inajengwa kwa kasi: bandari mpya, maeneo ya viwanda, viwanja vya watu binafsi kutoka Mtongwe hadi Utange. Mchanga wa kingo unabebwa kujazia msingi, mawe yanakatwa, vilima vinasawazishwa. Sina ugomvi na ujenzi. Watu wanahitaji nyumba na kazi. Ninachosema ni kwamba ramani za Caswell zipo, ripoti za Wajapani zipo, na kila mwenye kibali cha kuchimba anaweza kujua mapema kama anagusa mchanga wenye zana. Siku moja ya mtu wa mambo ya kale kutembea nyuma ya tingatinga haiwezi kuuchelewesha mradi wa miaka mitatu. Kando ya ukingo ule wa Mtongwe sikuona hata kibao kimoja cha kumwambia mtoto wa shule kwamba hapa waliishi watu wa enzi ya barafu.

Kuna sababu nyingine ya kuyasoma haya sasa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na barafu 18. Zaidi ya theluthi moja zimekwisha kutoweka, na zilizobaki zinakwenda. Bahari za dunia zinapanda tena, kwa zaidi ya milimita 3 kila mwaka. Anayeuliza maji yakipanda yatafika wapi, jibu la zamani limo ukutani Shelly Beach, juu ya kichwa chake.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe habari ndani ya siku 7. Wewe unayechimba choo Mtongwe, msingi Changamwe au kisima Kisauni, ukikuta mawe yenye makali yaliyolala pamoja, au mifupa ndani ya mchanga mgumu, simamisha jembe. Usiyaoshe, usiyauze. Piga picha, weka alama, kisha peleka habari kwenye makavazi ya Fort Jesus. Mkulima wa Mezhyrich hakuwa msomi wa mambo ya kale. Alisimamisha sepeto tu.